Fuawe Tupu

Suna, Migori
4 Februari 2025

Kwa Dada Susana,

Mourine amesema ulimwongezea omena juu ya ile aliyonunua, na kwamba muda wote hukumtazama machoni. Omena nimekula, asante. Hilo la macho ndilo limenifanya nitafute kalamu. Wiki nzima nimekupigia simu, na kila mara anapokea shemeji Jared: mara umeenda kufua, mara umelala, mara uko kanisani. Hakuna mtu huko Homa Bay anayeomba kiasi hicho. Basi binamu yetu Mourine atakuwa posta yetu kila akija huko kununua samaki. Nimemwagiza akupe barua sokoni, si nyumbani.

Huku mambo ni yale yale. Duka langu la michezo ya video bado linanilisha. Vijana wanakuja mchana kucheza mpira kwenye skrini, wanatukanana, wanalipa, wanaenda zao. Asubuhi kabla hawajafika ndipo nacheza wangu, ule wa mhunzi niliokuonyesha wakati wa Pasaka. Ulicheka ukasema damu ya babu haipotei. Sasa nimefika mbali. Karakana yangu iko chini ya ukuta wa mji wa Kizungu wa zamani, wenye mfalme, askofu na matope mengi. Huyu anakuja anataka viatu vya farasi, yule bawaba za lango, askari wanataka mikuki. Navuta mvukuto, naangalia rangi ya chuma, nikikitoa motoni mapema kinapasuka na mteja anaenda kunisema mjini. Mchezo unaniruhusu kuwapa wateja majina. Askofu nimemwita Mchungaji Monari, maana hakubali bei ya kwanza. Na kuna muuza samaki mmoja mwenye kelele, huyo nimemwita Jared. Usimwambie.

Kitu kimoja sikipendi. Ukiweka kidhibiti chini bila kusimamisha mchezo, yule mhunzi hatulii. Anaanza kugonga fuawe tupu, lile pande la kufulia chuma, ko, ko, ko, hakuna kitu juu yake. Waliotengeneza mchezo walidhani wanampa kitu cha kufanya akisubiri. Wao hawakulelewa na Babu Gisiri. Unakumbuka alivyonifukuza na fimbo siku niliyogonga fuawe lake kwa jiwe? Alituambia mhunzi hagongi fuawe likiwa tupu isipokuwa ana jina la mtu mdomoni, na mwenye jina hilo haoni mvua nyingine. Mimi ni mtu wa kisasa, lakini nasimamisha mchezo kila ninapoinuka.

Niandikie. Uko salama?

Mdogo wako,
Bonface


Homa Bay
13 Februari 2025

Bonface ndugu yangu,

Nimeketi nyuma ya kibanda cha mama anayeuza omena, na Mourine amesimama mbele yangu kunikinga. Mama huyu ni mtu mzuri, haulizi kitu.

Siko salama. Tangu Desemba Jared ananipiga. Alianza kwa kofi, akaomba msamaha, akaninunulia leso. Siku hizi haombi. Juzi alirudi kutoka ufuoni, mikono inanuka mafuta ya injini za mashua anazotengeneza, akanishika shingo kwa sababu mboga ilizidi chumvi. Aliniambia, "Nyar Kuria, binti wa Wakuria, hapa huna mtu." Mama yake akaongeza sauti ya redio. Simu yangu inakaa mfukoni mwake. Nimewaza kuondoka, lakini amesema nikiondoka Cate anabaki, na Cate bado analia hata nikienda chooni. Siwezi kumwachia mtoto wangu mikono ile.

Sasa nisikilize bila kucheka. Siku waliyokuja kuniposa, baba mdogo alituagiza tuseme sisi ni wakulima wa mahindi. Hakutaka wajue kwamba babu alikuwa omoturi, mhunzi, kwa sababu watu wanaogopa kuoa katika nyumba ya nyundo. Nilikasirika sana kwa kufichwa hivyo. Leo naona hicho tulichofichwa ndicho kitu pekee nilicho nacho.

Fuawe la babu liliuzwa Isebania kama chuma chakavu, na mwanamke kwetu hashiki nyundo. Lakini wewe unalo. Liko ndani ya skrini, sawa, ila ni fuawe, na mkono unaoligonga ni wa mjukuu wa Gisiri. Mgonge Jared. Mgonge kidogo, kama kunaweza kuwa na kidogo. Sitaki afe. Nataka aogope kama ninavyoogopa mimi akifungua mlango.

Dada yako,
Susana


Suna
18 Februari 2025

Dada,

Nimeisoma barua yako hadi nimeikariri. Nilitaka kuja siku hiyo hiyo na vijana wa jirani, akina Werema, tuvunje huo mlango. Mourine ndiye aliyenizuia. Alisema tukija tukashindwa kumtoa Cate, sisi tutarudi Migori, na wewe utabaki naye. Basi nimekaa.

Nenda kwa chifu. Nenda hospitali wakuandikie ulivyoumia. Hayo ndiyo ya maana, si haya mengine. Unajua mwenyewe kwamba mchezo ni stima na rangi tu. Stima ikipotea, mfalme na askofu na fuawe vyote vinapotea pamoja.

Lakini umeniomba, na sijui kukunyima. Nimefanya. Leo asubuhi nilifunga mlango, nikaondoa chuma chote juu ya fuawe, nikataja jina lake na la baba yake kama babu alivyokuwa akitaja, nikagonga. Sasa jaribu kulala. Na ukipata nafasi ya kutoka na mtoto, hata kama ni mpaka Rongo tu, nitakuja kuwapokea.

Bonface


Homa Bay
6 Machi 2025

Bonface,

Limetokea.

Kwanza nilimwambia. Sikupanga kumwambia. Jumapili alivua mkanda nikiwa nimembeba Cate, na maneno yakanitoka yenyewe. Nikasema kwetu si wakulima, sisi ni wahunzi, na ndugu yangu ameshamgonga kwenye fuawe tupu. Akauliza maana yake, nikamweleza kama babu alivyotueleza. Alicheka. Akasema hayo ni mambo ya watu wa mpakani. Lakini mkanda aliurudisha kiunoni.

Jana walikuwa wakishusha injini kutoka kwenye mashua. Austine, anayefanya kazi naye, aliteleza kwenye tope, injini ikaanguka ikamponda Jared mkono. Mkono wa kulia, Bonface. Walimrudisha kutoka hospitali akiwa amefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, uso umekuwa rangi ya majivu. Nilidhani atalia maumivu. Alinitazama, akaniuliza, "Aligonga mara ngapi?"

Naogopa tulichofanya. Naogopa pia kwa sababu nyingine ambayo siwezi kuisema kanisani: jana usiku nililala usingizi mzito, mara ya kwanza tangu Krismasi.

Susana


Suna
11 Machi 2025

Dada,

Injini huanguka. Hapa Suna kuna mafundi wasio na vidole, na hakuna mtu aliyewagonga. Jiambie hivyo kila saa.

Ila tangu nisome barua yako sijauwasha ule mchezo. Vijana waliuliza, nikawaambia umeharibika. Usitaje tena jina la babu mbele ya mtu yeyote huko, wala swali lake usilijibu. Mtu akiogopa sana anaweza kukuumiza kuliko alivyokuumiza akiwa na hasira. Kaa karibu na mlango. Mourine asipokuona sokoni siku yake ya kuja, nitakuja mwenyewe.

Bonface


Homa Bay
25 Machi 2025

Bonface ndugu yangu,

Mwondolee. Nakuomba kwa jina la mama yetu, mwondolee.

Hospitali wanasema kidonda ni safi na kinafunga vizuri. Daktari alimwambia aende nyumbani ale, anyonye machungwa, asubiri. Lakini hali chakula. Naweka ugali mbele yake, unapoa, nautoa. Amekonda hadi pete ilimtoka kidoleni akaniletea nimwekee. Ananiletea kwa adabu, Bonface, kama mgeni. Hajanigusa tangu siku ile, na ningefurahi kama asingekuwa anakufa.

Anasema anasikia kugonga. Kuna kugonga kweli, maana nyuma ya nyumba kuna mafundi wa jua kali wanaotengeneza masanduku ya bati, na wamekuwa hapo tangu niolewe. Zamani hakuwahi kuwasikia. Wiki iliyopita alienda kuwaomba waache, mkono umening'inia shingoni, watu wazima wakamwonea huruma wakaacha kazi. Akarudi akalala, akasema bado wanagonga. Jana Cate alipanda kitandani kwake, na Jared akanisihi nimtoe, hicho kinachomgonga kisije kikamrukia mtoto. Alilia akisema hivyo. Mama yake amezima redio. Ananifuata jikoni na kuniuliza kwa sauti ndogo sisi ni watu gani.

Nilitaka aogope. Sikujua kuogopa kunamla mtu hivi, na hali mimi ndiye ningepaswa kujua kuliko wote. Babu alikuwa na njia ya kuondoa, alimwagia fuawe yale maji ya kupozea chuma cha moto. Huo mchezo wako una maji. Fanya upesi.

Susana


Suna
29 Machi 2025

Dada Susana,

Keti kabla hujasoma.

Sikumgonga. Ile asubuhi niliyokuandikia, mlango sikuufunga na jina sikulitaja. Nilikudanganya ili upate usingizi. Niliona nikikukatalia utabaki na hofu peke yako, na nikikubali utakuwa angalau na kitu cha kushika. Sikujua kwamba utamwambia.

Nikuambie yote sasa. Kuna siku, ni kabla ya barua yako ile ya kuniomba au baada yake, sikumbuki na nimejaribu sana kukumbuka, yule muuza samaki alikuwa amesimama mbele ya karakana akisubiri ndoana zake. Mbuzi wa jirani aliingia dukani, nikainuka kumfukuza, nikasahau kusimamisha mchezo. Niliporudi mhunzi alikuwa akigonga fuawe tupu, na mteja yuko mbele yake, na jina Jared limeandikwa juu ya kichwa chake kwa herufi nyeupe. Mimi sikusema neno. Akili yangu inaniambia hiyo ni picha tu. Usiku akili huwa inachoka.

Lakini mtu asife kwa sababu ya uongo wangu, hata mtu kama yule. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ni ya shemeji. Mpe. Akijua hakuna aliyemgonga atakula.

Nisamehe.

Bonface


Suna
29 Machi 2025

Kwa Shemeji Jared,

Mimi ni Bonface, ndugu yake Susana. Nimesikia unaumwa, na nimesikia unachofikiri kinakuumiza. Nakuandikia kukuambia ukweli. Sikukugonga. Susana alidhani nimekugonga kwa sababu nilimdanganya. Mimi si mhunzi, nina duka la michezo ya video hapa Suna, na fuawe unaloliogopa ni picha kwenye televisheni. Injini ilianguka kwa sababu ya tope. Kula, upone. Ukishapona, tafadhali usimguse dada yangu. Hilo nakuomba tu kama mtu na mtu, sina kitu cha kukutishia.

Bonface Gisiri


Homa Bay
8 Aprili 2025

Bonface,

Barua zako zote mbili zilinifikia. Nilisoma zote pale pale kibandani. Kisha nikaenda nazo nyumbani, na nakuapia njia nzima nilikuwa nakwenda kumpa yake.

Alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni. Akaona bahasha, akauliza ya nani. Nikasema ni yake, imetoka kwa Bonface. Alivuta mikono yote miwili akaificha chini ya blanketi. "Usinipe mkononi," akasema. "Nisomee tu."

Mama yake alikuja akasimama mlangoni. Nikafungua. Neno la kwanza lililonikamata lilikuwa "sikukugonga", na chini kabisa nikaona "sina kitu cha kukutishia". Nikamwona Cate amekaa sakafuni anacheza na kijiko. Nikasoma kwa sauti. Sikusoma ulichoandika.

Nilisoma kwamba mhunzi amemwaga maji juu ya fuawe na mkono wa Jared umeachiliwa. Nilisoma kwamba jina lake halijafutwa, limewekwa kando tu, na siku atakapoinua mkono juu yangu au juu ya Cate, hakuna mtu atakayehitaji kushika nyundo, fuawe litagonga lenyewe. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Nilipomaliza aliniomba nisome tena, na hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, kwa sababu ilinibidi nikumbuke kila neno.

Kisha akaomba uji. Alikunywa vikombe viwili, mama yake akalia. Barua nimeichoma jikoni chini ya sufuria ya samaki. Siku iliyofuata alitoka nje akaketi juani, na jioni nikakuta simu yangu juu ya meza. Sijaitumia kukupigia. Naogopa bado anasikiliza.

Uliandika mtu asife kwa uongo wako. Mimi ningekufa kwa ukweli wako, Bonface. Sikulaumu, wewe hukuwa kwenye nyumba hii.

Lakini sasa kuna jambo. Jared anakuja kwako Jumamosi. Amenunua jogoo wa kukushukuru, na anasema lazima amwone mhunzi kwa macho yake na asikie kwa kinywa chake. Nimejaribu kumzuia, nikaona anaanza kunishuku, nikaacha. Atakuja peke yake. Atakuuliza kama ulimgonga. Ukijibu, ujue mimi na Cate tumesimama nyuma ya jibu hilo.

Susana


Suna
14 Aprili 2025

Dada,

Alikuja. Duka lilikuwa limejaa, nikawaambia vijana watoke, na walipoona uso wake hawakubishana. Amekonda kweli. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na nilimchukia, lakini nilimhurumia pia, na sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Aliomba kuona. Nikawasha mchezo kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Karakana ikatokea, moto, mvukuto, fuawe. Alivua kofia. Nilimpa kiti, hakuketi.

Nilikuwa nimesahau kushika kidhibiti. Mhunzi akaanza kugonga. Jared alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango, na nilitaka kumwambia kaka, hii ni picha, njoo uiguse kwa kidole. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi.

"Shemeji," akasema, "ulinigonga?"

"Nilikugonga," nikamwambia. "Na nikisikia umemgusa dada yangu, sitakuwa na maji ya kukumwagia."

Aliitikia kwa kichwa. Akaweka jogoo chini taratibu, miguu imefungwa, akatoka kinyumenyume bila kunipa mgongo. Nilizima stima nikaketi sakafuni. Nadhani atatimiza. Nadhani uko salama, wewe na Cate, na kama kuna kitu nilichofanya sawa mwaka huu basi ni hicho.

Nilifikiri yataishia hapo. Ila Jared alizungumza mahali, labda kwenye steji akisubiri gari. Jana vijana wawili tu ndio walikuja. Hawakutukanana. Walicheza kimya, wakalipa kwa mikono miwili, wakaniita mzee. Mchungaji Monari, yule wa kweli, alinisalimia akiwa upande wa pili wa barabara. Mama mwenye mbuzi amemfunga mbuzi wake kwa kamba mpya.

Leo asubuhi amekuja mama mmoja kutoka Osiri, kule wanakochimba dhahabu. Anaitwa Priscah. Alingoja hadi duka likawa tupu. Mwanawe alifukiwa na udongo shimoni, na anasema mwenye shimo alionywa kwamba ukuta umelegea, akawateremsha watu vilevile. Nilimweleza kwa upole kwamba huu ni mchezo tu, kwamba watoto huucheza, kwamba nimeununua kwenye mtandao kama mtu yeyote. Nikamwambia sijawahi kumgonga mtu. Nilimpa ukweli wote, dada, ule niliokunyima wewe kwanza na Jared juzi. Alinisikiliza hadi nikamaliza, wala hakubisha. Kisha akasogeza kiti karibu na skrini, akanitajia jina la yule mtu pamoja na la baba yake, na akakunja mikono kungoja.

Bado ameketi hapa. Anatazama mkono wangu ukiandika.

Bonface